Mama Lala na Tumbo la Kaka Yake

Mama Lala hana mtoto anayeitwa Lala, na ukimuuliza atakukata jicho. Jina hilo alipachikwa na wasukuma vitanda wa hospitali, kwa kuwa kila mgonjwa anayepita mikononi mwake husikia neno hilo la mwisho kabla dunia haijazimika: "Lala." Wala halisemi kwa kubembeleza. Hulisema kama mtu anayemwamuru mtoto mkorofi wa jirani ashuke ukutani. Na watu hulala. Wamelala kwake wanajeshi wenye mabega kama milango ya ghala. Wamelala wapiga domo ambao wake zao wameshindwa kuwanyamazisha tangu ndoa. Kuna mwalimu mkuu mmoja aliyeapa kwamba yeye dawa haimwingii, akaambiwa ahesabu kurudi nyuma kuanzia kumi. Kwenye saba alikuwa anakoroma, na saba yenyewe aliitamka nusu.

Kazi yake ni kutoa nusukaputi, dawa ile inayomlaza mtu mzimamzima, akatwe, atolewe kilichomo, ashonwe, asijue hili wala lile. Kazi hiyo ameifanya mpaka nywele za mbele zimeanza kuwa nyeupe chini ya kofia ya kijani. Ana mgongo unaouma kwa kuinamia vichwa vya watu, na ana masikio ambayo hata akiwa jikoni kwake anageuka ghafla sufuria ikilia kama kengele ya mashine. Hospitalini wanamheshimu. Lakini sasa nenda nyumbani kwao ukaulize anafanya kazi gani.

Mama yake atakwambia: "Anachoma sindano." Basi. Kama vile kuna sindano moja tu duniani.

Kaka yake ndiye mbaya zaidi. Huyo humtangaza mbele za wageni: "Dada yangu analipwa kwa kukaa kwenye kistuli akitazama watu waliolala. Walinzi wa usiku wenzake angalau wanasimama." Wageni hucheka, na Mama Lala hunywa maji yake taratibu ili asiseme neno. Amewahi kueleza. Ameeleza kwenye misiba, kwenye harusi, na siku ile paka wa mama alipozaa. Wanamsikiliza kwa adabu kama watu wanaosikiliza taarifa ya habari ya nchi nyingine, kisha anaulizwa kama anaweza kuwapatia vidonge vya kichwa.

Huyu kaka ni fundi mabati, na hata nyumbani anaitwa hivyo hivyo, Fundi Mabati. Nusu ya mapaa ya mji ule kayaezeka yeye, na sauti yake imekomaa kwa kupiga kelele akiwa juu kwa watu walio chini, kwa hiyo hata akikuomba chumvi mezani utadhani nyumba inaungua. Ndiye aliyemlea Mama Lala baba yao alipofariki. Alimbeba mgongoni kuvuka mfereji wa shule mvua zikinyesha, na hajaacha kumkumbusha. Kwa hiyo yeye dada, hata awe na hasira za kupasua kikombe, kuna maneno hawezi kumwambia kaka huyu. Hubaki nayo kifuani, yanamchoma.

Sasa Fundi Mabati alikuwa na ngiri. Juu ya kitovu, nyama za tumbo zilikuwa zimeachana na utumbo ukawa unachungulia nje chini ya ngozi. Ilianza kama limau. Akaifunga mkanda, akapanda paa. Ikawa chungwa. Akaongeza tundu kwenye mkanda, akapanda paa. Siku moja akiwa amebeba mabati, utumbo ule ukatoka ukakataa kurudi. Mafundi wake walimkuta ameketi chini, jasho linamtoka, anatapika, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu anaita kwa kunong'ona. Hospitalini daktari wa upasuaji aliusukuma ndani kwa mkono, polepole, kisha akamwambia kinagaubaga: "Safari hii umerudi. Safari nyingine ukikwama utaoza humo humo, na wewe pamoja nao. Njoo tuzibe."

Na hapo ndipo pakawa pagumu. Ngiri nyingi zinaweza kushonwa kwa ganzi ya mgongoni, mgonjwa yuko macho anapiga soga. Lakini mgongo wa Fundi Mabati una vyuma, zawadi ya paa moja aliloanguka ujanani, na sindano haipati pa kupita. Ilibidi alazwe kabisa. Na wanaolaza watu hospitali ile walikuwa wawili tu, mwenzake Mama Lala alikuwa nyumbani ananyonyesha. Kwa hiyo kaka angelazwa na dada. Dada hakuipenda hali hiyo hata kidogo, lakini hakuna aliyemuuliza kama anaipenda.

Mchana wa siku moja kabla ya upasuaji, Mama Lala alikwenda kwa kaka yake kueleza. Safari hii aliapa kwamba wataelewa. Sebuleni walikuwa watatu: Fundi Mabati kwenye kochi lake ambalo hakuna mwingine anayelikalia, mkewe pembeni akichambua mchele, na mama yao kwenye kiti cha dirishani.

"Kaka, nisikilize. Dawa hii si usingizi wa kitandani kwako. Inagusa mwili mzima, chumba kwa chumba."

"Gusa, mdogo wangu, gusa."

"Kwanza ubongo. Ndio unaolala. Na sehemu ya ubongo inayokiamuru kifua kipande na kushuka, nayo inalala. Kwa hiyo hupumui."

"Sipumui?"

"Hupumui. Ninakupumulia mimi. Nakuweka bomba kooni, mashine inasukuma hewa."

"Kwa hiyo nitakuwa maiti."

"Utakuwa maiti mwenye dada. Nyamaza. Pili, moyo na mishipa. Moyo unapunguza nguvu, mishipa ya damu inalegea. Wewe unajua mpira wa maji. Ukiubana mdomo, maji yanafika darini. Ukiuachia, yanakudondokea miguuni. Ndiyo presha hiyo. Ikianguka sana, damu haifiki inakotakiwa. Figo zikikosa damu zinaacha kuchuja, mkojo unakauka. Ndiyo maana ninakaa naangalia, unasikia? Sikai tu."

"Hakuna aliyesema unakaa tu," alisema kaka, ambaye alikuwa amelisema jambo hilo siku ya Jumapili mbele ya fundi bomba.

"Mapafu. Sigara umeacha?"

"Nimepunguza."

"Kutoka ngapi?"

"Kutoka nyingi."

Mkewe akainama kwenye ungo akichekea mchele. Mama Lala akafumba macho kidogo, akayafumbua. "Mapafu ya mvutaji yana hasira. Ukiyagusa na bomba yanaweza kujikunja, hewa ikakataa kuingia. Na ini ndilo linalozivunjavunja baadhi ya dawa hizi ziishe mwilini, kwa hiyo nataka kujua pia habari za zile chupa za Jumamosi."

"Chupa gani?" aliuliza Fundi Mabati, na sura yake ilikuwa safi kama ya mtoto wa ubatizo.

"Tuziache. Sasa nisikilizeni wote, hili ndilo lililonileta. Tumbo. Juu ya tumbo, pale linapokutana na koo la chakula, kuna kibano. Ukiwa macho kinabana, chakula hakipandi. Nikikulaza kinalegea. Na kikohozi, ambacho ndicho kinachoyalinda mapafu kitu kikipotea njia, nacho kimelala. Ukiwa na chakula tumboni kitapanda, na hakitatoka mdomoni kama unavyotapika ukiwa macho. Kitashuka kwenye mapafu pamoja na asidi yake. Nimeliona hilo. Mtu alikuja kutolewa uvimbe mdogo tu. Alikuwa mzima kuliko wewe."

Hakumaliza, na kwa mara ya kwanza hawakuuliza habari za vidonge vya kichwa.

"Basi kesho, kuanzia usiku wa leo, hakuna kula. Hakuna maziwa. Hakuna chai ya maziwa. Maji matupu kidogo alfajiri, koo likimkauka, basi."

Mama akageuka kutoka dirishani. "Mwanangu, hivi mtu akakatwe na njaa? Hiyo damu atakayomwaga itatoka wapi?"

"Mama, damu haitoki kwenye mkate."

"Mimi nimezaa ninyi wawili nikiwa nimeshiba."

"Mama."

"Haya, haya. Hatakula."

"Wifi?"

"Hali kitu, wifi yangu. Nitamfungia kabati."

"Kaka?"

"Sawa, daktari wangu!"

Walisema sawa wote watatu kwa sauti moja kama kwaya iliyofanya mazoezi. Hapo ndipo Mama Lala alipotakiwa kuogopa. Lakini alikuwa amechoka, akaaga, akaondoka akijiambia kwamba safari hii wameelewa.

Asubuhi alifika mapema kama kawaida yake, akaikagua mashine. Hewa ya mtungi ipo. Mpira wa kunyonyea makohozi unavuta, akaujaribu kwenye kiganja mpaka ngozi ikainuka. Mabomba ya koo ya saizi tatu akayapanga, taa yake ndogo ya kuangalia koromeo ikawaka. Kisha akaenda wodini kumtazama kaka yake, aliyeletwa kutoka nyumbani alfajiri.

Na alipofika mlangoni tu, moyo ukamshuka mpaka kwenye viatu.

Fundi Mabati alikuwa anacheka. Ameketi kitandani na gauni la hospitali lisilomfunika mgongo, anamtania muuguzi wa zamu, anamsifia dereva wa lori wa kitanda cha jirani kwamba hata akiwa amevunjika mguu bado ana sura ya mwanamume. Sasa, anayemjua Fundi Mabati anajua kwamba mtu huyo akiwa na njaa haongeleshwi. Mafundi wake wana sheria isiyoandikwa: kabla hajapata chai, usimuulize hata nyundo iko wapi, kwa sababu atakuonyesha ilipo kwa kukurushia. Mkewe humsalimia asubuhi akiwa amesimama mlango wa pili. Na leo amepitisha usiku mzima bila kutia kitu mdomoni, jua limeshapanda, na yuko hapa anagawa sifa?

"Umeamkaje, kaka?"

"Salama salimini! Leteni visu vyenu!"

"Umekula nini?"

"Mimi? Tangu jana jioni ulimi wangu haujagusa kitu. Njaa inaniua."

"Njaa inakuua, na umemwambia sista kwamba amependeza?"

"Kwani hakupendeza?"

Muuguzi akajifanya anatafuta kipimajoto. Mama Lala hakubishana. Alitoka akaenda ukumbini, ambako wifi yake na mama yake walikuwa wameketi kwenye benchi, kila mmoja na mfuko wake mapajani, kila mmoja akitazama upande wake.

"Wifi. Umempa nini?"

"Wallahi, wifi, yai moja tu. La kuchemsha. Halina hata mafuta."

Mama akageuka kwa kishindo. "Ulimpa yai? Na hukuniambia?"

"Na wewe, mama?"

"Maziwa. Maziwa si chakula, mwanangu. Yananywewa na watoto ambao hata meno hawana."

"Maziwa matupu?"

"Na mkate kidogo. Lakini niliuchovya mpaka ukawa kama maji wenyewe." Kisha akamgeukia mkwewe. "Ningejua una yai nisingehangaika na mkate."

Mama Lala akarudi wodini. Dereva wa lori, aliyesikia yote kwa kuwa milango ya wodi ile haifungi vizuri, akainua mkono kama mwanafunzi. "Samahani, dada. Na mimi nilimkaribisha ndizi. Mbili. Aliniambia anaruhusiwa matunda."

"Kaka!"

"Sasa ningemkatalia mama yangu mzazi?" alilalamika Fundi Mabati. "Mke wangu analia, anasema labda ndiyo mara ya mwisho kunilisha. Na huyu bwana ni mgonjwa mwenzangu, nimdharau? Vidogo vidogo tu, mdogo wangu. Havijafika hata tumboni, viko njiani."

Kuna hasira zinazotoka na kelele, na kuna zile zinazomfanya mtu azungumze kwa upole wa kutisha. Mama Lala alipata ya pili. "Hulazwi leo," alisema.

Wakati huo huo daktari wa upasuaji akaingia. Jamaa huyu wanamwita Daktari Haraka, mtu anayepanda ngazi mbili mbili na kunywa chai akiwa anatembea. "Mama Lala, mgonjwa wangu mbona bado yuko huku?"

"Ameshiba, daktari."

"Ameshiba nini?"

"Yai, maziwa, mkate, na ndizi mbili."

"Aa, ndizi! Mlaze upesi, msaidizi amkandamize koo chakula kisipande, weka bomba haraka, twende. Wa dharura si tunawaingiza na matumbo yao yamejaa?"

"Wa dharura tunamwingiza kwa sababu akingoja atakufa. Huyu akingoja atanuna."

"Kesho mchana nasafiri. Nikiondoka sirudi wiki hii wala ijayo."

"Kesho asubuhi, basi. Awe wa kwanza."

"Nina orodha ndefu kesho!"

"Na mimi nina kaka mmoja."

Daktari Haraka alimtazama, akatazama saa, akamtazama tena. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka tu. "Wa kwanza kabisa," alisema. "Na akimeza hata mate ya ziada, mimi simo." Akaondoka mbio.

Ungedhani kaka angeshukuru. Fundi Mabati alikuwa ameshaanza kuvaa suruali. "Ninaenda zangu. Nina paa la ukumbi linanisubiri. Ngiri hii nimeishi nayo, nitaifunga mkanda."

Mama Lala alijua kwamba mtu huyu akitoka na suruali ile, harudi. Atapanda paa, atabeba mabati, na siku utumbo utakapokwama tena daktari atakuwa mbali, na yeye ataletwa akiwa ameoza ndani. Hapo kweli atakuwa wa dharura. Alimvua kaka yake suruali kwa mikono yake miwili, mbele ya wodi nzima, kama mama anayemvua mtoto nguo zilizolowa.

"We mtoto! Nilikubeba mgongoni mimi!"

"Na leo nakubeba mimi. Rudi kitandani."

Ukumbini mama yake alimngojea na uso uliokunjamana. "Umemwacha kaka yako ateseke siku nzima kwa ajili ya yai." Kisha akamnunia, na akanuna kwa namna inayosikika mpaka mwisho wa ukumbi.

Mama Lala hakuwaamini tena, hata kwa kiapo. Alimhamishia kaka yake kwenye chumba cha kuamkia, kile kilicho jirani na chumba cha upasuaji, ambako sakafuni kumepakwa mstari mwekundu na ndugu hawavuki. Jioni alimletea sahani ya chakula mwenyewe, akasimama mpaka ikaisha, akaondoka nayo. Akawaambia wauguzi wa zamu: akiingia mtu na chupa ya chai, niiteni mimi kwanza, polisi baadaye. Mama yake alikuja akasimama mstarini, vidole vya miguu vikiwa juu ya rangi nyekundu kabisa, chupa ya maziwa kwapani.

"Mama, mguu."

"Nimesimama tu. Kusimama nako ni dhambi?"

"Mguu, mama."

Mguu ukarudi nyuma, polepole, kwa uchungu mkubwa.

Alfajiri, Mama Lala alisikia matusi tangu ngazi za chini. "Nani aliyeniweka kwenye stoo hii? Nani kaondoa maji yangu? Wewe sista, hiyo miguu yako inaburuza nini mpaka sasa hivi? Mko wapi, wauaji?" Na alipoingia: "Ndiyo huyu! Huyu aliyekuwa analia akinyolewa! Huyu aliyekojoa mgongoni kwangu tukienda shule! Eti leo daktari!"

Kwa mara ya kwanza tangu juzi Mama Lala akatabasamu. Hakuna kipimo duniani kingemwonyesha tumbo tupu waziwazi namna ile. "Endelea, kaka. Nitukane kidogo tena, nihakikishe."

Alitukanwa mpaka mlango wa chumba cha upasuaji.

Kitandani chini ya taa kubwa, Fundi Mabati alikuwa mdogo ghafla. Walimbandika waya kifuani, wakambana kidole kwa kibanio chenye mwanga mwekundu, wakamfunga mkono kwa kitambaa cha kupimia presha. Dada yake akamwekea barakoa ya hewa usoni. Kisha akaunganisha bomba la sindano lenye dawa nyeupe pepepe.

Macho ya kaka yakatoka. "Hayo si maziwa hayo?" alisema ndani ya barakoa. "Mmeninyima ya kunywa, mnanichoma ya mshipani?"

"Kaka."

"Naam."

"Lala."

Akalala. Kope zikatulia, taya likalegea, kifua kikasimama. Mama Lala akalishika taya lile kwa vidole vyake, akaibana barakoa usoni, akawa anaminya mfuko wa hewa kwa mkono mwingine, na kifua kikapanda kwa sababu yeye ndiye aliyekipandisha. Akafungua mdomo, akamulika, akaona koromeo jekundu la mvutaji, akapitisha bomba.

Mfuko wa hewa ukawa mgumu kama mpira wa miguu mkononi mwake.

Mapafu yamejikunja. Alilitarajia jambo hilo. Aliminya, hewa ikapita kama inapitia tundu la sindano, kifua kikitoa filimbi. Namba ya hewa kwenye damu ikaanza kushuka, na mlio wa mashine ukashuka nayo, sauti nene, nene zaidi. Akaongeza dawa ya kulaza, akapuliza dawa ya kutanua njia za hewa ndani ya bomba, akangoja huku mkono ukiminya taratibu. Na presha nayo, kwa kuwa mishipa ilikuwa imelegea kama alivyomwambia sebuleni, ikaanguka. Kengele ya pili ikalia. Akafungua dripu imwagike, akachoma dawa ya kuikaza mishipa.

"Kuna nini huko kichwani?" aliuliza Daktari Haraka, kisu mkononi.

"Usikate bado."

Yule mtu wa haraka akashusha kisu, na hakutazama saa.

Mama Lala alikuwa anaminya na kumtazama kaka yake usoni, na kichwani mwake kulikuwa na chupa moja tu ya maziwa. Kama ingekuwa jana. Kama mapafu haya yangejikunja namna hii, akilazimika kuminya hewa kwa nguvu hivi, na tumboni humu kuna yai na mkate uliochovywa na ndizi mbili za ukarimu. Hakutaka kuifikiria mpaka mwisho. Mkono ukaendelea kuminya. Na mfuko ukaanza kulainika, kidogo, kisha zaidi, filimbi ikafifia, mlio wa mashine ukapanda ukawa mwembamba tena. Presha ikafuata.

"Kata," alisema.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kawaida, yaani alikaa kwenye kistuli, kama wanavyosema, na hakutulia hata kidogo. Aliinama chini ya kitanda kutazama mfuko wa mkojo, akaona matone yanaanza kufuatana, figo zinaishi. Alimfunika miguu kwa blanketi kwa kuwa mwili uliolala hivyo haujui kutetemeka ujipashe joto. Alipunguza hiki, akaongeza kile. Daktari Haraka aliurudisha utumbo, akaziba, akashona, akakimbilia orodha yake iliyobaki, na mchana alionekana akiwahi safari yake na kofia ya upasuaji kichwani.

Dawa zilipoanza kuisha, kikohozi kilirudi kwanza. Fundi Mabati alikohoa kwenye bomba kwa hasira, na Mama Lala akamnyonya makohozi, akalichomoa. Kaka akafungua jicho moja. Alikuwa anatetemeka meno yakigongana.

"Mbona hamwanzi?" aliuliza. "Baridi hii ndiyo mnataka iniue?"

"Tumemaliza, kaka."

"Acha uongo wewe."

Mstarini mama alikuwa bado amesimama. Mama Lala alimwambia kila kitu kimekwenda vizuri, na mama, aliyekuwa bado amemnunia, akamshika mkono akaung'ang'ania muda mrefu. Kisha akauliza kama sasa anaruhusiwa maziwa.

"Matumbo nayo yalilala, mama. Ngoja yaamke. Maji kidogo kidogo kwanza. Siku atakapotoa upepo ndipo utakapompa."

Mama akageuka kwa mkwewe akatangaza kwa sauti ya ukumbi mzima: "Tunamsubiri ajambe!"

Kesho yake mchana Mama Lala alikwenda wodini kumwona dereva wa lori, ambaye daktari wa mifupa alikuwa amwekee vyuma mguuni asubuhi itakayofuata. Alisikia sauti ya kaka yake, aliyekuwa amerudishwa kwenye kitanda chake cha zamani, kabla hajafika mlangoni, akasimama.

"Nakwambia wanaanza na moyo," Fundi Mabati alikuwa anamfundisha dereva. "Wanauzima. Moyo ukizimwa, ini linashika zamu ya kupumua. Figo zinapanda juu kidogo, kupisha. Kazi ngumu, si ya kila mtu. Dada yangu ndiye anayezipanga."

"Na wewe uliona?"

"Nilikuwa macho muda wote! Mimi dawa haikuniweza. Nilifumba macho tu, nisimwaibishe dada yangu mbele ya wenzake."

Mama Lala alihisi damu ikimpanda kichwani. Ini linapumua! Alivuta pumzi aingie amrekebishe, kiungo kwa kiungo, kuanzia juu. Lakini mke wa dereva alikuwa amemtangulia kwa mlango wa pili, na chupa ya supu mkononi, anamwambia mumewe kwamba alfajiri atamletea nyingine nyepesi, isiyo na nyama, maana mtu hawezi kwenda kukatwa hivi hivi.

"Hapana, shemeji!" Fundi Mabati alinguruma mpaka vitanda vya mwisho vikageuka, kisha akajishika mshono, akagugumia, akaendelea kwa sauti ya chini. "Leo ale. Lakini alfajiri usilete kitu. Hata yai. Hata mkate wa kuchovya. Kinapanda kinaingia kwenye mapafu, umesikia? Unamzika wewe mwenyewe. Na usidhani utamficha dada yangu. Yeye hapimi. Anamwangalia mtu usoni tu, anajua."

Mke wa dereva akakumbatia chupa yake. Dereva akajipapasa uso.

Fundi Mabati akamwona dada yake mlangoni. "Si nimewaeleza vizuri, mdogo wangu?"

Kulikuwa na ini, kulikuwa na figo zilizopanda, kulikuwa na moyo uliozimwa, na huyu mtu aliyekuwa macho muda wote. Vyote vilimfika kooni kwa pamoja. Akavimeza.

"Vizuri kabisa, kaka," alisema, na meno yake yalikuwa yamebanana.

Kisha akavuta kiti, akaketi karibu na dereva wa lori, akawasha taa yake ndogo, akamwambia afungue mdomo.